Betri gani ya kubeba itaendesha darubini usiku kucha? (Nimeaibika usiku wa kupatwa kwa mwezi)

Mwalimu_Kasese
Jumanne, 9 Septemba 2025, saa 3:40 usiku

Hamjambo jamaa. Nimeaibika, na sitaki kuaibika tena.

Juzi Jumapili nadhani wengi wenu mlikuwa nje mkitazama mwezi kama mimi. Hapa Kasese tulibahatika, mawingu yalibaki Rwenzori nyuma yetu na upande wa mashariki ukawa mweupe. Uwanja wa shule ulikuwa na watu kama sitini: wanafunzi wa klabu, wazazi, hata askari wa geti aliacha geti. Saa 1:27 mwezi ukaanza kumegwa, saa 2:30 ukafunikwa wote, ukawa na rangi ya kutu. Nilikuwa nimeunganisha darubini na laptopu ili picha ionekane kwenye skrini, watu wasipange foleni.

Saa 2:50 inveta (kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani) ikalia piiiii. Laptopu ikabaki na betri yake mbovu ya dakika tano, mounti (kile kitako kinachoibeba darubini na kuigeuza ifuate nyota) ikasimama, mwezi ukatoka kwenye picha polepole kama mtu anayeondoka bila kuaga. Na ulikuwa na saa nzima ya wekundu mbele, mpaka saa 3:52! Mtoto mmoja wa kidato cha pili akasema kwa sauti, "Mwalimu, mwezi uko salama, darubini ndiyo imepatwa." Watu walicheka mpaka wakakaa chini.

Ninachotumia: darubini ya lensi ya milimita 102, mounti yenye mota, kamera, laptopu, mkanda wa joto wa kuzuia umande. Umeme ulitoka kwenye betri ya gari ya 70Ah (ampea-saa), si mpya, pamoja na inveta ya wati 300. Desemba klabu inakwenda kupiga kambi karibu na Kikorongo, pale mstari wa ikweta unapopita, na hakuna umeme. Nina milioni moja na laki mbili za Uganda. Duka moja mjini limenishauri ninunue boksi kubwa la wati-saa 1000 lenye soketi za ukutani. Bei yake inapita mfuko wangu, na uzito unapita mgongo wangu. Nifanyeje?

---

Kijana_wa_Ndeeba
saa 3:52 usiku

Mwanzoni nimesoma "mauti yenye mota" nikaogopa. 😂

Mwalimu, nunua jenereta yaishe.

---

Mwalimu_Kasese
saa 3:58 usiku

Jenereta inatikisa ardhi, inapiga kelele, na Kikorongo kuna tembo. Asante.

---

Dada_Nyota
saa 4:15 usiku

Pole mwalimu. Wengi tulianza na aibu ya namna hiyo. Yangu ilikuwa Mburo, mbele ya wakwe.

Kabla hatujasema betri gani, tuambie vifaa vyako vinakula kiasi gani. Mtu haendi sokoni kununua posho bila kujua nyumbani kuna midomo mingapi. Tafuta mita ndogo ya wati, zile zinazokaa katikati ya betri na kifaa, wauza sola wote wanazo. Washa kifaa kimoja kimoja na uandike ampea. Usiamini kilichoandikwa kwenye adapta. Adapta ikisema 12V 5A haina maana kwamba kifaa kinakula ampea tano, maana yake adapta inaweza kutoa mpaka hapo.

Na usifiche kitu. Mficha uchi hazai. Kama kuna feni, taa au spika, taja.

---

Fundi_Bombo
saa 4:31 usiku

Betri ya gari si ya kazi hiyo. Sahani zake ni nyembamba na nyingi, zimetengenezwa kutoa ampea mamia kwa sekunde chache, gari liwake, kisha alternata ianze kuijaza. Ukiinyonya polepole usiku kucha mpaka chini, mara kumi au ishirini imekwisha. Betri ya sola ina sahani nene, inavumilia, lakini hata hiyo usiivushe nusu kama unataka ikae.

Kwa hiyo 70Ah yako, ikiwa mpya, hesabu 35. Ikiwa kuukuu, Mungu ndiye anajua.

Swali: waya kati ya betri na inveta ni wa aina gani, na urefu gani?

---

Mwalimu_Kasese
Jumatano, 10 Septemba, saa 1:05 usiku

Fundi, ni waya wa spika. Mita tatu. Nilitaka betri ikae mbali watoto wasiikanyage.

---

Fundi_Bombo
saa 1:09 usiku

Ohoo.

Pima volti mara mbili vitu vyote vikiwa vinafanya kazi. Mara ya kwanza kwenye vichwa vya betri, mara ya pili kwenye inveta pale waya unapoingia. Lete namba zote mbili.

---

Mwalimu_Kasese
Jumamosi, 13 Septemba, saa 12:20 jioni

Nimepata mita ya kuazima. Betri niliichaji siku nzima kwanza. Haya hapa, yote kwa upande wa volti 12:

Inveta peke yake, hakuna kilichochomekwa: 0.7A. (Sikujua kama inakula hata ikiwa haina kazi!)
Inveta na laptopu: 4.9A.
Inveta, laptopu na adapta ya mounti: 5.7A.
Mkanda wa joto, huu una waya wake moja kwa moja kwenye betri: 1.2A.

Jumla 6.9A. Siku ile niliwasha saa 11 jioni ili kujaribu, ikazima saa 2:50. Karibu saa nne, yaani ampea-saa 26 hivi.

Na Fundi, kwenye vichwa vya betri ni 12.1V, kwenye inveta ni 11.2V. Volti nzima karibu inapotea njiani!

---

Fundi_Bombo
saa 12:41 jioni

Ndiyo maana. Inveta nyingi hujizima zikiona 10.5V. Betri yako ilikuwa bado na 11.4 hivi, lakini waya wa spika ulikuwa unakula 0.9, kwa hiyo inveta iliona 10.5 ikasema kwaheri. Betri haikufa siku ile. Iliwekewa kitanzi.

Hesabu ni nyepesi. Shaba ya milimita mraba 0.75 ina omu 0.023 kwa kila mita. Mita tatu kwenda na tatu kurudi ni sita, watu wengi husahau kurudi. 0.023 mara 6 ni 0.14. Mara ampea 5.7 ni 0.8V, na klipu zenye kutu zinaongeza kidogo. Ukiweka waya wa 2.5mm, hasara inashuka chini ya robo volti. Waya wa 2.5 ni ule ule wa soketi za nyumbani ila ununue ule laini wa nyuzi nyingi, mgumu utakatika kwa kukunjwa kila wiki.

Na weka fyuzi upande wa chanya, karibu na betri, si huko mwisho kwenye kifaa. Ya ampea 10 inakutosha. Fyuzi inalinda waya. Ukiiweka mwisho, waya wote kabla yake unabaki uchi.

---

Dada_Nyota
saa 2:10 usiku

Sasa tunaongea. Mwalimu, tazama namba zako uone mwizi ni nani. Mounti, ambayo ndiyo roho ya kazi, inakula chini ya ampea moja, tena hapo imepitia mzunguko wa kijinga: volti 12 za betri zinapandishwa kuwa 240, halafu adapta inazishusha tena kuwa 12. Kila hatua inatozwa ushuru kama lori mpakani Malaba. Ichomeke moja kwa moja kwenye betri, utaona inashuka kwenye 0.5A ikifuata nyota. Ikigeuka haraka kwenda kitu kingine itaruka mpaka ampea mbili, lakini ni sekunde chache.

Angalia tu jeki. Mounti nyingi zinatumia ile ya milimita 5.5 kwa 2.1, chanya katikati. Ukigeuza chanya na hasi unaweza kuua bodi, kwa hiyo pima kwa mita kabla ya kuchomeka, kila mara, hata ukiwa na haraka. Hasa ukiwa na haraka.

Mwizi mkubwa ni laptopu na inveta yake, ampea tano kasoro. Kwa picha za mwezi tu hatukuhitaji hilo dude. Mimi nilihamia kwenye Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja, inaendesha kamera na mounti, na mimi natazama kwa simu kupitia waifai yake. Inakula wati saba hivi. Inahitaji volti 5, kwa hiyo tafuta kibadilishaji cha 12 kwenda 5 chenye uwezo wa ampea tatu kweli, siyo kile cha kuchajia simu kwenye matatu.

Mwizi wa pili ni mkanda wa joto. Hauhitaji kuwaka asilimia mia. Kazi yake si kupika lensi, ni kuiweka juzi-juu ya hewa kidogo tu ili umande usitue. Kidhibiti kidogo cha kuuwasha na kuuzima kwa zamu kinakata matumizi nusu. Na kabla ya umeme, kata mkeka wa sponji, uzungushe mbele ya lensi kama kofia, urefu mara moja na nusu ya upana wa lensi. Huo haukuli hata wati moja.

Hesabu yako mpya basi:
mounti wati 6, kompyuta ndogo wati 7, mkanda kwa nusu wati 7, kamera kwa betri bandia (ile inayokaa mahali pa betri yake na kuleta umeme kwa waya) wati 3. Jumla wati 23.

Usiku wetu ni saa 12 mwaka mzima, tofauti na wazungu ambao wakati wao wa joto wanapata saa nne za giza na kuziita usiku. Toa mapambazuko na magharibi, saa moja na robo kila upande, unabaki na giza zito la saa tisa na nusu. Weka kumi. 23 mara 10 ni wati-saa 230. Ongeza robo kwa ajili ya hasara na uzee wa betri, unafika 290.

Kwa hiyo lile boksi la 1000 ni la kazi gani?

---

Dada_Nyota
saa 2:12 usiku

*juu ya hewa kidogo. Simu hii inajifanya inajua Kiswahili kuliko mimi.

---

Kijana_wa_Ndeeba
saa 2:30 usiku

Pawabenki je? Yangu ni 20,000. Hiyo ni kubwa kuliko 70Ah au naona vibaya?

---

Fundi_Bombo
saa 2:37 usiku

Unaona vibaya. 20,000mAh ni 20Ah lakini kwa volti 3.7 za seli ndani. 20 mara 3.7 ni wati-saa 74. Betri ya 12V 70Ah ni 840. Ndiyo maana tunalinganisha kwa wati-saa, siyo kwa Ah. Ah bila volti ni kama kusema "nina noti kumi" bila kusema za shilingi ngapi.

---

Dada_Nyota
saa 2:44 usiku

Na pawabenki nyingi hujizima zikiona kifaa kinakula kidogo mno, zinadhani simu imejaa. Mounti ikitulia, giza. Inafaa kwa kompyuta ndogo labda, siyo kwa mounti.

---

Afande_Mstaafu
Jumapili, 14 Septemba, saa 12:50 asubuhi

Habari za asubuhi. Mimi nilikuwa mtu wa mawasiliano jeshini, miaka mingi, na nimebeba betri za redio kwenye milima ambayo nyinyi mnaiona kwenye kalenda. Darubini nilinunua baada ya kustaafu, mke wangu anasema ni mke wa pili.

Naunga mkono hesabu ya dada. Lakini nawapa jambo moja ambalo tulijifunza kwa jasho: usiweke roho yote kwenye betri moja. Redio ilikuwa na yake, taa ilikuwa na yake. Taa ikila betri yake ikaisha, mnakaa gizani lakini mnaongea na makao makuu.

Kwako wewe mwalimu, vitu vya joto viwe na betri yao. Mkanda ukimaliza betri yake saa nane usiku, utapata umande kwenye lensi, utaufuta kwa upepo wa kofia. Ukimaliza betri ya mounti, kazi yote imekwisha na picha zimeharibika. Tena betri mbili ndogo zinabebwa na watu wawili. Betri moja kubwa inabebwa na mtu mmoja anayelalamika.

---

Mwalimu_Kasese
saa 2:15 asubuhi

Afande, hii nimeipenda. Stoo ya shule kuna betri kavu ya 18Ah ilitoka kwenye UPS ya zamani ya ofisi. Fundi alisema ni nzima, kompyuta ndiyo ilikufa. Inaweza kubeba mkanda?

---

Fundi_Bombo
saa 2:40 asubuhi

Mkanda kwa nusu ni 0.6A. Saa kumi ni 6Ah. Theluthi ya 18. Inabeba bila kutoa jasho, kama kweli ni nzima. Ijaze, iache saa kumi na mbili bila kuigusa, kisha pima. 12.7 au zaidi, nzuri. 12.2, imebaki nusu. Ikiwa imeshuka chini ya 12 peke yake bila kazi, wape wanunua chuma chakavu.

---

Mama_Busia
Jumapili, 14 Septemba, saa 7:30 mchana

Mimi nauza vitu vya sola hapa mpakani, kwa hiyo mniamini nusu. Lakini sitangazi duka.

Kwa betri kubwa ya mounti na kompyuta, mwalimu asinunue tena ya maji wala kavu. Achukue lithiamu fosfeti, ile imeandikwa LiFePO4 ubavuni, ya 12.8V. Ina seli nne za 3.2V. Unaweza kuitumia karibu yote bila kuiua, siyo nusu kama za risasi (ndizo hizo za maji na kavu), na inakwenda mara elfu mbili na zaidi. Volti yake haishuki polepole kama ya gari, inakaa kwenye 13 na kidogo karibu usiku wote halafu mwishoni inaanguka kwa ghafla. Mounti inaipenda hiyo tabia. Wewe hutaipenda kama unategemea volti kujua imebaki kiasi gani, kwa hiyo nunua na ile mita ya kuhesabu wati-saa.

Kwa wati-saa 290 ya dada: 24Ah ni 307, 30Ah ni 384. Chukua 30. Uzito ni kilo nne hivi. Ukitaka kazi ile ile kwa betri ya risasi utahitaji 50Ah, kilo kumi na tano.

Sasa onyo, na hapa naharibu biashara ya wenzangu. Kuna lithiamu za uongo nyingi sana. Boksi limeandikwa 30Ah, ndani kuna seli kuukuu za laptopu au kuna hewa. Njia ya kwanza ni mizani. Ikiandikwa 30Ah na ina kilo moja na nusu, mrudishie mwenyewe kwa heshima. Njia ya pili ni taa ya gari. Chukua globu ya 12V wati 55, inakula ampea 4 na nusu hivi. Betri iliyojaa ya 30Ah inatakiwa kuiwasha saa sita na nusu. Ikizima saa ya tatu, umenunua 14Ah. Muombe muuzaji karatasi ya kurudisha ndani ya siku saba, na ufanye jaribio hilo siku ya kwanza. Muuzaji akikataa karatasi, jibu umelipata bure.

(Globu inachoma. Usiiweke kwenye meza ya plastiki kama mimi.)

---

Kijana_wa_Ndeeba
saa 7:44 mchana

Mama Busia wewe si muuzaji wa kawaida, banange.

Nina binamu Dubai anarudi Oktoba. Si amletee mwalimu kwenye begi?

---

Dada_Nyota
saa 8:05 mchana

Hapana. Betri ya lithiamu ya ziada kwenye ndege ya abiria haizidi wati-saa 100 bila ruhusa, na kati ya 100 na 160 lazima shirika la ndege likubali. Tena inabebwa mkononi, haiendi kwenye mzigo wa chini. 384 hawatamruhusu, wataichukua pale uwanjani na binamu atakulaumu wewe maisha yote. Aletewe kidhibiti cha mkanda na nyaya, hivyo havina kesi.

---

Mwalimu_Kasese
saa 2:20 usiku

Na yale maboksi yenye kila kitu ndani? Naona watu wengi wa nje wanayasifu. Yana soketi, USB, skrini, taa.

---

Dada_Nyota
saa 2:51 usiku

Ni mazuri kwa mtu asiyetaka kushika waya. Mimi ninalo moja dogo, la kwenda na watoto. Ukichagua hilo, angalia mambo haya kabla ya rangi yake: je, soketi ya 12V ina volti thabiti au inashuka na betri? Je, unaweza kuzima inveta yake ukabaki na 12V tu? Maana inveta ikiwaka bila kazi inameza wati tano mpaka kumi na tano usiku kucha, kama yako ilivyokuwa ikimeza nane. Je, linajizima lenyewe baada ya saa kadhaa likiona matumizi madogo, na hiyo tabia inaweza kufutwa? Langu la kwanza lilikuwa linajizima kila baada ya saa mbili. Nililala nikiamini linapiga picha.

Na skrini yake iwe inazimika. Ukiwa gizani, skrini ya bluu inakuharibia macho kwa dakika ishirini.

Lakini kwa laki zako, betri tupu na boksi la plastiki la chakula ulilolitoboa mwenyewe vinakupa wati-saa nyingi kuliko hilo.

---

Fundi_Bombo
Jumatatu, 15 Septemba, saa 1:30 asubuhi

Kuchaji. Hapa ndipo watu wanaua lithiamu.

Chaja ya betri ya gari usiitumie, hasa zile zenye hatua ya "kufufua" betri, zinapandisha volti 15 na zaidi. Bodi ya ulinzi iliyo ndani ya betri itakata, au siku moja itashindwa kukata. Lithiamu fosfeti inataka 14.4 mpaka 14.6V, basi. Chaji kontrola ya sola iwe na chaguo la LiFePO4. Kama haina, tafuta nyingine.

Paneli ya wati 50 inakutosha kambini. Ukipata jua zuri la saa tano, inarudisha wati-saa 200 hivi. Na hapa kwetu ikweta paneli haiinamishwi sana, karibu ilale, nyanyua nyuzi kumi tu ili mvua na vumbi viteleze.

---

Kijana_wa_Ndeeba
saa 9:10 alasiri

Baridi haiui lithiamu? Nimesoma wazungu wanalia na baridi.

---

Afande_Mstaafu
saa 9:35 alasiri

Usiichaji chini ya nyuzi sifuri, hiyo ni kweli. Lakini hapa Uganda sifuri utaipata Rwenzori juu kule kwenye barafu, na ukifika huko na darubini mgongoni, betri itakuwa shida yako ndogo. Hata Kabale usiku wa Julai hufiki sifuri. Sisi adui yetu ni joto. Usiiache kwenye gari lililofungwa juani mchana.

---

Mwalimu_Kasese
Alhamisi, 30 Oktoba, saa 2:00 usiku

Nimenunua! LiFePO4 30Ah, kilo 3.9 kwenye mizani ya muuza nyama. Muuza nyama alitaka kujua ni kitoweo gani. Jaribio la globu: ilizima baada ya saa sita na dakika kumi na nane. Mama Busia, nimekubali. Karatasi ya kurudisha nimeihifadhi hata hivyo.

Waya 2.5mm, fyuzi, kidhibiti cha mkanda (binamu wa Kijana, asante sana), kompyuta ndogo niliikuta kwenye maabara ya shule ikiwa imefunikwa vumbi. Pesa zimebaki, sitawaambia ngapi kwa sababu mwenye fedha wa shule anasoma humu.

---

Mwalimu_Kasese
Jumatatu, 22 Desemba 2025, saa 4:20 asubuhi

Ripoti ya Kikorongo. Tulilala kwenye kiwanja cha shule moja ya jirani, nje ya hifadhi, usiku wa Jumamosi tarehe 20, mwezi mpya. Sijawahi kuona giza la namna ile. Wanafunzi waliotoka mjini walikaa kimya kwa dakika kama tano, jambo ambalo darasani halijawahi kutokea.

Kwanza shida ambayo haikuhusu betri: mounti yangu haishuki chini ya nyuzi kumi, na pale ikweta mhimili wake, ambao hufuata ule wa dunia, unatakiwa ulale kabisa, uelekee upeo wa macho. Nyota ya kaskazini yenyewe iko kwenye ukungu wa chini, huioni. Tuliweka matofali chini ya miguu ya upande wa kusini mpaka mounti ikainamia kaskazini, tukafunga mfuko wa mawe katikati isianguke, kisha tukasahihisha kwa kutazama nyota inavyoteleza kwenye picha. Ilichukua saa moja na nusu. Betri ilikuwa inangoja.

Tukaanza na Zohali mapema, pete zake zilikuwa nyembamba kama waya uliopita katikati ya tufe. Mtoto yule wa "darubini imepatwa" alisema picha za kitabuni ni za uongo. Nilimweleza kwamba mwaka huu pete tumezitazama ubavuni. Kisha nebula ya Orioni, kisha Mshtarii ilipopanda juu. Alfajiri tukageukia kusini.

Sasa umeme. Tuliwasha saa 1 jioni, tukazima saa 11 alfajiri, saa kumi kamili. Betri ya 18Ah ilibeba mkanda wa joto, ikabaki na 12.4V asubuhi. Lensi haikupata hata tone, na nyasi zilikuwa zimelowa kiasi cha kufua nguo. Afande, nakupigia saluti.

Betri kubwa: kwa hesabu ya dada bila mkanda ni wati 16, kwa hiyo nilitegemea wati-saa 160. Saa 5 usiku mita ilikuwa inasoma sawasawa. Saa 8 nikaitazama tena, imeruka. Nikadhani kompyuta imeingia wazimu, nikagusa kila waya kutafuta wa moto. Asubuhi mita ilisoma 262. Mia moja zimetoka wapi?

---

Dada_Nyota
saa 4:33 asubuhi

Mkanda uliuchomeka kimakosa kwenye kubwa?

---

Fundi_Bombo
saa 4:35 asubuhi

Kibadilishaji cha volti 5. Pima joto lake.

---

Mwalimu_Kasese
saa 4:50 asubuhi

Hapana. Kibadilishaji kina matundu manne ya USB, mimi natumia moja. Saa 8 usiku nilimulika kwa taa nyekundu chini ya meza nikakuta waya wa mgao umechomekwa na simu sita zimelala kwenye nyasi, zimepangwa vizuri kabisa kama samaki wa Katwe. Simu moja inakula wati-saa 15 hivi ikijaa. Sita ni 90, na hasara njiani. Hesabu imefunga.

---

Kijana_wa_Ndeeba
saa 4:52 asubuhi

😂😂😂 Nilisema jenereta

---

Mama_Busia
saa 5:15 asubuhi

Ndiyo maana nilisema chukua 30.

---

Afande_Mstaafu
saa 5:40 asubuhi

Kambini kwangu hilo lingekuwa kosa la kukimbia uwanja mara ishirini. Mwalimu, simu zilikuwa za nani?

---

Mwalimu_Kasese
saa 6:02 mchana

Tatu za wanafunzi wa kidato cha nne. Moja ya askari. Moja ya dereva.

Afande, ya sita ilikuwa yangu.